Aliyeshika Shuka

Mwalimu wa historia aliingia studio kwangu, hapa Majengo, asubuhi moja ya mwezi wa sita, katika ile baridi ya Songea inayomfanya mtu aongee meno yakigongana. Akaweka flashi juu ya kaunta, akasema anataka picha kubwa za kutundika ukutani, tena nyingi.

"Za harusi?" nikamuuliza.

"Za Wayahudi."

"Hao sijawahi kuwasafisha," nikamwambia. "Ila kama wamo humo, watatoka tu. Mashine yangu haibagui mtu."

Hakucheka. Ni mtu mpole, anafundisha sekondari ya wasichana kule Mjimwema, na akiwa na jambo zito huvua miwani akaifuta hata kama haina vumbi. Akaifuta. Akanieleza kwamba wanafunzi wake wanasoma habari za vita kuu ya pili, na kitabu kina mistari michache tu kuhusu Wayahudi waliouawa Ulaya, idadi basi. Sasa amepata picha kutoka hifadhi moja ya kumbukumbu ya nchi za nje inayoruhusu shule kuzitumia. Anataka kufanya maonyesho bwaloni, wazazi waje, mji mzima uje.

Nilipofungua ile flashi nilijiandaa kuona maiti. Nilivuta kiti, nikakaa kabisa, nikasema Mungu wangu nisaidie. Nikakuta mama anamlisha mtoto uji. Nikakuta vijana wawili, mvulana na msichana, wamekaa kwenye majani wanatazamana kwa namna ambayo mimi binti yangu ningemwita ndani. Nikakuta wanawake wamepinda migongo wanapalilia bustani ya mboga katikati ya magofu ya nyumba. Mzee anavuta mkokoteni. Watoto wanacheza polisi na wezi. Na wote, mpaka yule mtoto wa uji, walikuwa na nyota imeshonwa kwenye nguo.

Niseme mapema kilichokuwa kinanisumbua siku zile, maana bila hicho habari hii haina miguu. Mama yetu alifariki zamani, na mwaka huu familia tuliamua kumjengea kaburi vizuri: saruji, msalaba, vigae. Fundi wa makaburi akatuambia siku hizi kuna kigae kinachochapishwa sura ya marehemu, kinadumu hata kwa mvua. Leteni picha tu. Picha! Nyumba ya mpiga picha, baba yetu, na mke wa mpiga picha hakuwa na picha hata moja.

Msinicheke. Yaani chekeni, maana hata yeye angecheka. Siku ya harusi yao, yule mpiga picha waliyemkodi alifungua kamera kabla ya kuurudisha mkanda, harusi nzima ikaungua kwa mwanga. Baba alikasirika vibaya sana hata akaapa atajifunza kazi hiyo mwenyewe, na ndivyo alivyokuwa mpiga picha. Kwa hiyo sisi tumesomeshwa na hasira. Baadaye mama alikuwa na picha moja ya kitambulisho, tukaikuza, tukaitundika sebuleni. Mchwa wakaila. Waliacha fremu na kioo, wakala mama peke yake. Na zaidi ya hapo hakukubali kupigwa picha. Ukimwambia mama njoo ukae na wewe, alikuwa na jibu lake moja: "Nikikaa mimi, nani atashika shuka?"

Sasa baba ana presha ya macho. Haoni pembeni. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na daktari alituambia wazi kwamba tundu hilo litazidi kufumba, dawa zinachelewesha tu. Siku niliyompelekea habari ya kigae alinivuta nikae karibu yake. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mimi kigae sijali. Nimeanza kumsahau mama yako. Sauti yake ninayo. Mwendo wake ninao. Sura inakuja, nikiitazama vizuri inaondoka. Nataka kumwona mara moja kabla hili tundu halijafungwa."

Nililia barabarani kama mtoto. Nikaanza kutafuta. Nilikwenda kwa ndugu zetu kule Namtumbo, nikaenda kwa wanawake aliokuwa anaimba nao kanisani, nikafunua albamu za watu ambao hata salamu hatupeani. Kila mtu alimkumbuka, hakuna aliyekuwa naye. Kwa baba kwenyewe kulikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, limejaa negativu za kazi yake ya zamani, lakini yeye mwenyewe alinizuia: "Humo hamna kitu. Ni vichwa vya wakulima tu."

Basi hali yangu ndiyo ilikuwa hiyo mwalimu alipoleta Wayahudi.

Jirani yangu barazani ni fundi cherehani, Mhehe, mtani wangu halali kabisa. Sisi Wangoni na wao tulipigana zamani tukachoka, tukabakiwa na kutukanana kwa mapenzi. Kila asubuhi huingia kwangu bila hodi, na salamu yao ya "Kamwene!", akanywa chai yangu, akaniuliza lini sisi Wangoni tutarudi kusini tulikotoka tukikimbia. Siku hiyo akakuta picha ya kwanza iko mezani, wino bado haujakauka vizuri. Watu wamesimama barabarani, makoti marefu, nyota kifuani.

Akainama akaitazama kwa jicho la kazi.

"Kwaya gani hii?"

"Kwaya?"

"Si wamevaa sare. Au ni chama cha akina mama? Lakini mbona na wanaume wamo. Ila fundi wao hovyo, mwenzangu, nyota hazilingani. Huyu yake imekaa juu, huyu yake inataka kudondoka. Mimi ningerudishiwa kazi."

Msimlaumu. Hapa kwetu mkivaa alama moja mna sherehe. Kitenge cha harusi, sare ya jumuiya, kitambaa cha msiba wa kumaliza matanga; mtu asiyekuwa na sare ndiye anayekaa nyuma, anasikia vibaya. Yeye amesomesha watoto kwa sare. Angejuaje kwamba kuna mahali watu walishonewa alama ili watambulike mitaani na kupigwa?

Nikamweleza kama mwalimu alivyonieleza. Kwamba Wanazi walipouteka mji wa hawa watu waliamuru kila Myahudi avae nyota hiyo, ukikutwa huna unaadhibiwa. Kwamba waliwafungia wote katika mtaa mmoja, wakauzungushia seng'enge, wakawafanyisha kazi kwa chakula kisichoshibisha kuku. Na kwamba baadaye waliwapakia kwenye treni wakaenda kuwaua, wazee kwa watoto, karibu wote.

Fundi aliweka kikombe chini. Alirudi kwenye picha, akaitazama tena, safari hii polepole.

"Kumbe walijishonea wenyewe," akasema. "Ndiyo maana hazilingani. Kila mtu na sindano yake, nyumbani kwake." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa utepe wake wa kupimia. "Naomba nilifute neno langu. Wamewashinda mafundi wote." Siku hiyo hakunitania tena mpaka jioni, nikaanza kuogopa anaumwa.

Tuliendelea na kazi. Mwalimu alikuwa anapita akitoka darasani, na tuligombana kila siku, kwa sababu mimi ni mtu wa kunyoosha. Picha zilikuja na kingo zote za negativu, mabaka ya maji pembeni, watu waliokatika nusu, mguu wa mtu usiojulikana wa nani. Mimi nikizikata kingo, zinakaa safi kwenye fremu. Yeye anafuta miwani.

"Dada, usikate. Acha kama ilivyo."

"Mwalimu, huyu hapa ni kiwiko tu. Kiwiko cha nini kwenye maonyesho?"

"Ni kiwiko cha mtu."

Nikamwachia viwiko vyake. Moyoni nilisema msomi naye ana maradhi yake.

Halafu ikatoka picha ile. Ilipokuwa inatoka kwenye mashine, imefika nusu tu, nikaitambua. Watu wamepangwa kwa ngazi, safu ya chini wamekaa, safu ya kati juu kidogo, safu ya juu wamesimama, mabega yamebanana, kila mmoja anatazama mbele kama ameambiwa asipumue. Hawakukaa kama familia wala kama wafanyakazi wanaoagana. Niliruka pale nilipokuwa, nikapiga kelele mpaka fundi akakimbia kutoka barazani:

"Hee! Hawa wanakatwa vichwa!"

Mwalimu alikuwa mlangoni anaingia. Rangi ilimtoka. "Wapi? Picha gani? Mbona mimi sikuiona hiyo?" Akashika ukuta, maskini, miwani mkononi.

"Hii hapa, mwalimu! Wamekaa tayari kukatwa!"

Ilibidi fundi amletee kiti. Na mimi nilipoelewa nimesema nini, nilicheka, nikaona aibu, nikacheka tena, maana aibu na kicheko vikikutana mimi sina breki. Kukata vichwa ni lugha ya kazi ya kwetu. Baba alikuwa anakodiwa na chama cha wakulima wa tumbaku Namtumbo kupiga picha za vitambulisho. Filamu ilikuwa adimu. Kwa hiyo hakumpiga mkulima mmoja mmoja. Aliwapanga benchi la chini, benchi la kati, na wengine juu ya meza, akawapiga wote kwa mkupuo mmoja. Picha ikisafishwa, anachukua mkasi anakata vichwa, kila kichwa kwenye kadi yake. Nyuma yao lazima pawe peupe, basi shuka letu la kitandani lilifungwa kwenye nguzo ya ghala upande mmoja, na upande wa pili lilishikwa na mama, mikono juu. Kazi ikiisha baba alipaza sauti, "Shusha, mama watoto, tumemaliza!" na mama akalidondosha shuka, akajikanda mabega. Mimi nikiwa mdogo nilidhani hilo ndilo jina lake, Shusha.

Nilipokwisha kueleza, mwalimu alipata damu usoni. Kisha akafurahi hata akanishangaza.

"Basi umemwelewa kuliko mimi," akasema. "Aliyepiga picha hii alikuwa Myahudi mwenzao, kafungiwa humo humo. Ofisi ya ule mtaa ilimpa kazi ya picha za vitambulisho. Bila kitambulisho huna kazi, bila kazi huna mgao wa chakula. Na kupiga picha nyingine zozote ilikuwa marufuku, angekamatwa angeuawa. Aliwapanga hivi ili abakishe filamu. Hiyo iliyobaki ndiyo iliyopiga hizi zote." Akaonyesha ukutani, yule mama wa uji, wale vijana kwenye majani, watoto wa polisi na wezi. "Alificha kamera ndani ya koti. Mwishoni alizifukia negativu ardhini. Alipona, akarudi, akazifukua. Haya mabaka unayotaka kuyakata ni maji ya udongo."

Nikauweka mkasi kwenye droo, nikaifunga. 

Sisi wa Songea picha za kizamani za Wajerumani tunazijua. Tumekua tunaiona ile ya wazee wetu wa vita ya Majimaji, minyororo shingoni, wamesimamishwa kabla ya kunyongwa. Aliyeipiga ni mtu wa upande wa waliowafunga. Hakuna anayejua wazee wale walikuwa wanachekaje, nani alikuwa anapenda kuimba, nani alibeba mtoto begani. Nilipotazama kuta zangu siku ile nikaelewa kwa nini huyu mtu aliiba filamu. Alitaka watu wake waonekane na mtu anayewapenda.

Jioni nilipanda kwa baba Mjimwema. Shikamoo, marahaba, nikampa uji wake, nikamweleza. Nilipofika kwenye ngazi na safu za watu, baba alipiga goti lake kofi.

"Huyo alikuwa mwizi wa filamu!"

"Ndiyo, baba."

"Namjua! Namjua kabisa!" Akacheka mpaka akakohoa, mimi sijamsikia akicheka hivyo tangu macho yaanze. "Unadhani picha za ngoma ya kioda zilitoka wapi? Na ngoma za lizombe? Harusi za watu wasio na kitu? Chama kilinipa mkanda wa vitambulisho. Nikiwabana wakulima vizuri, nusu ya mkanda ni yangu. Mama yako ndiye aliyekuwa anawabana. 'Sogea baba, mkeo hayupo hapa, bana bega!'" Halafu kicheko kikapungua chenyewe, akafuta macho. "Lakini mimi ningekamatwa ningefokewa tu. Yeye angeuawa. Nipeleke nikamwone."

Nikamwambia, baba, hutaona. Nilisema kwa upole lakini nililisema.

"Nitaona kidogo kidogo," akajibu. "Nina muda."

Kabla ya maonyesho mwalimu aliingiwa na hofu mpya. Alipoona picha zote zimekaa kwenye fremu, aliona vicheko ni vingi. Wanafunzi watasema mbona hawa walikuwa wanafurahi. Labda tuondoe wale vijana wa kwenye majani, labda tuondoe watoto.

Fundi alikuwa anakunywa chai yangu.

"Mwalimu, wewe msiba hujawahi kwenda?" akamuuliza. "Mama wa huyu alipofariki, nililala ndani ya kaburi lililochimbwa nikasema siamki mpaka Wangoni walipe. Watu walicheka mpaka wakaanguka, halafu tukamzika tukilia. Nani aliyesema hatukufiwa? Waache wacheke. Ukiwaondolea na kicheko utakuwa umewapokonya mara ya pili."

Mwalimu alifuta miwani. Picha zikabaki, na chini ya ile ya vijana aliandika kwa Kiswahili maneno machache tu, kwamba walipendana humo ndani ya seng'enge na hatujui kama walipona.

Siku yenyewe bwalo lilijaa. Wanafunzi na masweta yao, wazazi, masista, Waislamu wa mtaa wa chini, wafanyabiashara wa Majengo waliokuja kwa sababu walisikia kuna soda. Bibi mmoja akaniuliza ni yupi kati ya hawa aliyemwona Yesu. Binti mmoja wa kidato cha pili akamsahihisha kwa heshima zote, "Bibi, hawa ni wajukuu wa wale," na bibi akasema haya, basi wamefanana. Kulikuwa na makelele mwanzoni. Kadiri watu walivyosogea ukutani sauti zilishuka. Nilimwona baba mmoja, mwuza vipuri, jitu la watu, amesimama mbele ya yule mama wa uji kwa muda mrefu, kisha akatoka nje kumpigia mkewe simu kumwuliza mtoto amekula nini.

Baba yangu alikuja na bajaji, kavaa koti lake la kanisani na kofia. Nikamshika mkono mpaka kwenye picha ya ngazi. Nilitaka nimweleze: baba, safu ya chini wako hivi, safu ya juu wako vile.

"Usinisomee. Niache nisome mwenyewe."

Akasogea mpaka pua karibu iguse kioo. Sisi wenye macho tulikuwa tunaitazama picha ile mara moja, tunaona nyuso, basi, tumeimaliza. Yeye hawezi. Tundu lake linachukua kipande cha ukubwa wa kiganja. Kwa hiyo alianza ukingoni kabisa, kushoto, kama mtu anayelima tuta tangu mwanzo wa shamba. Watu nyuma yetu wakawa wanasubiri. Hakufika hata kwenye kichwa cha kwanza. Alisimama.

"Kuna mtu kashika kitambaa," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Pembeni. Huoni vidole?"

Nilikuwa nimeisafisha picha ile kwa mikono yangu. Nimeikatia fremu, nimeipangusa kioo, nimepigania kuikata kingo zake. Sikuwa nimemwona. Palikuwa na mkono wa koti umeinuliwa, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa kitambaa cheupe, na nusu ya shavu la mwanamke, na ncha mbili tu za nyota. Alikuwa anajua picha ni ya wengine. Wala hakutazama kamera.

"Huyu hakuwa kwenye kitambulisho cha mtu," baba akasema. "Huyu mkasi unamtupa." Akaufuata ule mkono kwa kidole juu ya kioo. "Amebaki kwa sababu waliacha negativu nzima."

Akanishika mkono. Nikasikia pumzi yake inabadilika. Na mimi, Mungu ni shahidi, wakati ule ule nikamkumbuka mama na shuka lake.

"Mwanangu," akasema. "Sanduku."

Hatukuaga mtu. Fundi alituona tunatoka mbio, mzee kofia mkononi, akadhani kuna msiba akatufuata, na mtani hafukuzwi, kwa hiyo tulibanana watatu kwenye bajaji mpaka nyumbani. Nikalivuta lile sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, nikalifungua barazani penye jua. Harufu ya tumbaku ikatupigisha wote chafya. Baba alikuwa ametandika majani ya tumbaku ya Namtumbo kila tabaka, mchwa wasiguse, na hawakugusa. Mchwa waliojua kula picha ya sebuleni walishindwa na vichwa vya wakulima.

Nilitaka kusaidia. Akanipiga kofi la mkono. Alichukua mkanda wa kwanza, akauinua kwenye anga, akaleta jicho.

"Negativu ni ndogo kuliko tundu langu," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Naiona yote."

Kwenye negativu kila kitu kiko kinyume, shuka jeusi tititi, na wakulima weupe kama wamemwagiwa unga. Alipita vichwa bila kusimama. Alikwenda moja kwa moja ukingoni. Kisha akanikabidhi ule mkanda, nikauinua mimi. Safu tatu za wakulima wamenuna. Na pembeni, mikono juu, mwanamke ameshika shuka jeusi, mdomo wazi, meno meusi yote nje. Kwenye negativu meno yakiwa meusi maana yake mtu anacheka.

"Mama," nikasema.

Fundi akapiga kigelegele cha Kihehe barazani kwa Wangoni, majirani wakatoka.

Alikuwemo kila mkanda! Mwaka hadi mwaka, ghala hili na ghala lile, mkono wa kulia umechoka zaidi ya wa kushoto, mara amefunga kilemba, mara amevaa sweta la baba, mara anamkemea mtu wa benchi la juu. Baba alikuwa anatikisa kichwa. "Miaka yote ile nilikuwa natazama vichwa vya watu wengine," akasema. "Naye alikuwa ananitazama mimi." Ni kweli. Katika kila picha wakulima wanaitazama kamera, yeye anamtazama anayepiga.

Kigae sasa kiko kaburini. Hakikukatwa kingo, baba alikataa katakata, kwa hiyo mama yetu amelala Mjimwema pamoja na sikio na nusu bega la mkulima mmoja wa Namtumbo ambaye hatumjui. Siku ya kubariki kaburi yule fundi cherehani alisimama mbele ya waombolezaji wote akadai mahari kwa niaba ya hilo sikio. Mwalimu alikuja. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasahau kufuta miwani.

Lakini kabla ya kigae kulikuwa na asubuhi moja. Nilikuwa nimeisafisha ile negativu ya kwanza kwa ukubwa wa maonyesho, nzima, na fremu juu. Nikampelekea baba, nikaiegemeza ukutani, nikamsogezea kigoda. Jua lilikuwa limeingia vizuri. Hakuniruhusu nimwelekeze sura iko wapi.

Alianzia ukingoni. Akaona vidole. Akaona bangili, akaitaja ilinunuliwa wapi. Akashuka kwenye mkono, akafika kwenye kanga, akasimama kwenye tumbo lililotuna kidogo, akaligusa kwa kidole. "Huyu ni wewe," akaniambia bila kugeuka. Nilikuwa sijalijua hilo. Kisha akapanda polepole, shingo, kidevu, meno, akafika machoni, akakaa hapo.

Alikaa sana. Uji ulipoa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimejiziba mdomo.

"Maskini," akasema mwishowe, kwa sauti ile ile ya ghalani, ila ndogo. "Umeshika mpaka leo." Akaweka kiganja chake juu ya mikono ya mama iliyoinuliwa. "Shusha, mama watoto. Tumemaliza."